Joto Liko Wapi, Uzuri Uko Wapi

Katikati ya Mexico kuna mji uitwao Aguascalientes, yaani Maji ya Moto. Ulianzishwa mwaka 1575 na ukapewa jina hilo kwa ajili ya chemchemi zake. Mkazi wa mji huo aitweje? Ungetarajia jina lake lichotwe kwenye lile neno caliente, la moto, ambalo liko wazi kabisa kwenye jina la mji. Lakini watu wa huko hujiita hidrocálidos. Wamekwenda kuazima neno la Kigiriki la maji, wakaliunga na cálido, na caliente wakaiacha ibaki huko huko kwenye maji.

Aliyeelewa kwa nini walikwepa neno moja wakalikumbatia ndugu yake, ameshaelewa nusu ya jambo. Msemaji wa Kihispania akikutana na joto, kwanza hutaka kujua limekaa wapi: hewani, kwenye kitu, kwenye mwili wa mtu, kwenye ulimi au moyoni. Kila mahali pana neno lake, na mara nyingi pana kitenzi chake. Uzuri wa mtu nao, ambao katika lugha hiyo hauko mbali na moto, hufuata njia hiyo hiyo.

Nafundisha Kihispania vijana wanaotembeza wageni Unguja. Mmoja wao, Januari moja, kaskazi imeshika na vichochoro vya Mji Mkongwe vimekuwa kama ndani ya chungu, aliongoza kundi la akina mama watu wazima kutoka Uhispania. Walipofika Forodhani akajifuta jasho, akasema kwa kujiamini: Estoy caliente. Wale akina mama walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mmoja akamjibu neno ambalo hakulielewa, kisha akamkonyeza.

"Mwalimu, nimekosea wapi?" aliniuliza jioni ile.

"Umewaambia kwamba mwili unakuwaka."

"Si ulikuwa unawaka kweli, kwa jua lile?"

"Moto uliowatajia wewe hauzimwi kwa maji ya dafu."

Kosa lake lilianzia kwenye Kiingereza. Kitabu alichosomea kilikuwa cha Kiingereza, na kwa Kiingereza neno moja, hot, hubeba siku ya jua, supu inayofuka moshi, pilipili, mtu anayetokwa jasho na msichana anayegeuza shingo za watu. Kijana alichukua sentensi ya lugha hiyo akabadilisha maneno tu. Laiti angeanzia kwa mama yake, asingeanguka, maana sisi hatusemi "mimi ni moto" kwa sababu ya jua. Tunasema kuna joto, nasikia joto, supu ya moto: hewa imepewa namna yake, mtu yake, na kitu yake. Kihispania hugawa vivyo hivyo. Hewa husemewa hace calor, neno kwa neno "inafanya joto", ingawa hakuna anayelifanya. Mtu husema tengo calor, "nina joto". Supu, pasi, maji ya kuoga na injini ya gari ndivyo husemwa kuwa caliente, kwa kitenzi estar: la sopa está caliente. Mtu akijiweka kwenye kundi hilo la pasi na supu, wasikilizaji watatafuta ni kiungo gani cha mwili wake kimepata moto, na hawatachelewa kukipata.

Hapo penye "nina joto" pana mtego mdogo kwa upande wetu. Mama wa Kiswahili akisema mtoto ana joto, amemgusa paji la uso na anafikiria homa. Mhispania mwenye calor yuko mzima, anataka feni tu. Homa ni fiebre, na sehemu nyingi za Mexico na Amerika ya Kati utasikia pia calentura. Lakini neno hilo usilibebe ovyo kuvuka mipaka. Kwingine calentura ni ashiki, na Uhispania ni pia kale kalengelenge kanakotoka mdomoni.

Caliente yenyewe haina tabia moja kila mahali. Argentina na Uruguay, mtu aliye caliente na mwenzake huenda amekasirika tu, na no te calientes ni kumwambia mtu asipandishe hasira. Ukisikia sentensi hiyo Buenos Aires, itazame sura ya msemaji kabla ya kuamua ni moto gani. Watoto wanaotafuta kitu kilichofichwa nao hulitumia bila dhambi yoyote: ukikisogelea wenzako wanapiga kelele caliente, caliente, na ukikosea njia wanakuambia frío, baridi. Na kwenye mabomba ya mabafu ya Uhispania herufi C ni ya caliente. Aliyezoea mabomba ya Kiingereza, ambako C ni ya baridi, hujifunza msamiati huu kwa ngozi yake.

Ndugu zake caliente ni wapole zaidi. Cálido ni joto lisilounguza: hali ya hewa ya nchi za tropiki, rangi nyekundu na njano kwenye mchoro, sauti ya mtangazaji wa usiku, mapokezi ya mwenyeji. Mtu aliye cálido ana bashasha, na hakuna atakayemkonyeza. Ndiyo maana watu wa Maji ya Moto walikimbilia huko. Caluroso ni la siku yenye joto, la makofi ya nguvu ukumbini, na pia la mtu ambaye joto humshinda upesi, yule anayelala bila shuka wakati wengine wamejifunika. Kinyume chake Uhispania huitwa friolero, na Amerika ya Kusini friolento. Sisi hatuna neno moja la mtu wa namna hiyo. Tunasema "huyu hawezi baridi" na mambo yanaendelea.

Kusini mwa Uhispania, Andalucía, wameongeza ngazi nyingine. Calor ni neno la jinsia ya kiume, el calor, na ndivyo shule inavyofundisha. Lakini Mwandalusia wa kawaida, hasa wa kijijini, bado husema la calor, kwa jinsia ya kike, kama walivyosema watu wengi karne nyingi zilizopita. Wapo watakaokuambia kwa uso mkavu kabisa kwamba el calor ni joto la kawaida, na la calor ni lile linaloua mbu. Wanasarufi hawakubali. Mimi nawaachia haki hiyo. Tarehe 14 Agosti 2021 kituo cha La Rambla, mkoani Córdoba, kilipima nyuzi 47.6, rekodi ya Uhispania yote. Watu wanaoishi kwenye nyuzi kama hizo wana ruhusa yangu ya kuongeza jinsia.

Ninakopenda kukaa darasani ni kwenye pilipili, kwa sababu hapo Kiswahili na Kihispania hukutana kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Chakula chenye pilipili si caliente hata kidogo. Kinaweza kuwa kimepoa tangu jana na bado kikakutoa machozi. Mhispania husema pica. Kitenzi picar ni kuchoma kwa ncha, kudonoa kama kuku, kuuma kama nyuki. Pia ni kuwasha: me pica la espalda, mgongo unaniwasha. Basi tazama. Pilipili inawasha, mgongo unawasha. Salsa inapica, mgongo unapica. Kitenzi kile kile kimefanya kazi zile zile mbili, pwani ya Afrika Mashariki na nyanda za Castilla. Na jua la saa saba mchana? Sisi tunasema linachoma. Kuchoma kwetu ni kwa moto na pia kwa kisu. Wao husema el sol pica, jua linachoma kwa ncha. Mwanafunzi Mswahili hahitaji maelezo ya dakika kumi hapa, anahitaji kuambiwa tu kwamba ameshajua.

Wamexico, ambao hawana mzaha na jambo hili, wamekwenda mbali zaidi. Wao hupendelea picoso kuliko picante, na wana kitenzi kizima cha mtu aliyezidiwa na pilipili: enchilarse, kutokana na chile, neno la Kinahuatl. Aliyeenchilika ana macho mekundu, pua inachuruzika, na anatafuta chochote cha kumpoza ulimi. Lakini Chile, nchi, ukimwita mtu au mtindo wake picante umemwambia ni wa ovyo, hana staha. Nchi iitwayo Chile inalitumia neno la pilipili kuwa tusi, na jina la nchi halihusiani na pilipili. Lugha ina vituko vyake.

Haki itendeke kwa Kiingereza pia. Kukiita chakula cha pilipili "cha moto" si ujinga. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilikitambua kipokezi kimoja cha neva, TRPV1, ambacho huamshwa na kapsaisini ya pilipili na pia huamshwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Mwaka 2021 Julius na Ardem Patapoutian wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti wao kuhusu vipokezi vya joto na mguso. Mwili wenyewe, kumbe, hautofautishi vizuri pilipili kichaa na uji uliotoka jikoni sasa hivi. Kiingereza kilisikiliza neva, Kihispania kikasikiliza maumivu yanafanana na nini. Kiswahili kina kuwasha, kitenzi kinachowasha taa, kinachowasha moto wa kuni na kinachowasha ngozi, kwa hiyo kimekaa katikati ya wawili hao, nami sijui mtu angetaka nini zaidi.

Tuje kwa watu wazuri.

Mswahili anaingia humu akiwa na faida na hasara kwa pamoja. Faida ni kwamba -zuri yetu hubeba wema na urembo katika mzigo mmoja, na Kihispania nacho, ukikichimba, kina hesabu hiyo hiyo. Bonito, neno la kitu au mtoto mzuri wa kupendeza, ni bueno iliyopunguzwa, "kazuri kadogo". Bello, la urembo mkubwa wa mashairi, mzizi wake wa Kilatini nao ulitoka kwenye neno la wema. Hasara ni kwamba tumezoea kumwachia msikilizaji akisie ni uzuri gani unaosemwa, na Kihispania hakikisii. Kinabadili kitenzi.

Kina vitenzi viwili vya "kuwa". Ser ni kwa kile kitu kilivyo, na estar, kilichotokana na kitenzi cha Kilatini cha kusimama, ni kwa hali ambamo kitu kimesimama. Walimu wengi huwafundisha watoto kwamba ser ni ya kudumu na estar ni ya muda. Sheria hiyo hufa siku ya msiba wa kwanza, kwa sababu maiti está muerto, na hakuna hali iliyodumu kuliko hiyo. Afadhali kulinganisha na "ni" na "-ko" zetu, kama wasemavyo Nairobi kwamba chai iko moto, ingawa hata hapo mpaka haulingani sawasawa.

Juan es bueno: Juan ni mtu mwema. Juan está bueno: mwili wa Juan unatamanisha. Ni neno moja la kusifu, na kitenzi peke yake kimeuhamisha uzuri kutoka moyoni kwenda kwenye nyama. Mwanafunzi wangu mwingine alitaka kumsifu mke wa mgeni wake kwa ukarimu, akachanganya vitenzi. Mgeni alinyamaza kidogo, kisha akacheka, naye kijana hakuambiwa chochote mpaka alipokuja kwangu. Chakula hufuata njia hiyo hiyo: la sopa está buena ni supu tamu. Ndipo utaona está buena ya mtu imetoka jikoni. Rico vilevile. Ser rico ni kuwa tajiri, estar rico ni kuwa na ladha, na mtu anaposemwa kwamba está rico, hazungumziwi mfuko wake wa fedha. Uhispania watasema pia mtu yuko como un queso, kama jibini, au como un tren, kama treni. Jibini naielewa. Treni ilinisumbua mpaka nilipokumbuka kwamba vijana wa Dar es Salaam humwita mrembo kifaa au chombo.

Misemo yote hiyo huja na estar, hakuna hata mmoja unaokuja na ser. Kwa sababu hiyo naona kuwapa wanafunzi orodha ya vivumishi vya urembo ni kupoteza muda wao. Wapewe sentensi.

Mfano bora ni guapa. Es guapa: ni mwanamke mrembo, kwa kuumbwa. Está guapa, au ¡qué guapa estás!: leo umependeza, nguo imekukaa, na shangazi anaweza kumwambia mpwa wake harusini. Muuza samaki sokoni Madrid atamuuliza bibi wa miaka themanini amkatie nini, guapa, wala hakuna anayetongozwa pale. Na usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, Sevilla, sanamu ya Bikira Macarena inapopitishwa mitaani, umati humpigia kelele: ¡Guapa! ¡Guapa! Watu wazima hulia huku wakimwita hivyo Mama wa Mungu. Pima sasa umbali uliopo kati ya guapa na está buena. La kwanza unaweza kuliimbia sanamu takatifu, la pili hutalisema mbele ya mama mkwe.

Lakini vuka bahari. Paraguay na Uruguay, mwanamke guapa ni mchapakazi, anayeamka kabla ya jogoo. Cuba, el guapo ni mbabe wa mtaa, na ukimwita mtu hivyo huenda unamwandaa kwa ngumi. Kamusi huufuatilia mzizi wa neno hili mpaka kwenye vappa, divai iliyochacha, ambayo Warumi waliifanya pia jina la mtu wa hovyo. Kwa hiyo Mcuba amekaa karibu zaidi na chimbuko, na Mhispania ndiye aliyempandisha mhuni cheo mpaka akafika kwa Bikira Maria. Lindo, ambalo Amerika ya Kusini hulimwaga kwa mtoto, nyumba, siku na mpenzi, lilitoka kwenye legitimus, halali. Karne ya 15 cristiano lindo alikuwa Mkristo wa nasaba isiyochanganyika, wala sura yake haikuhusika. Neno tamu kama hilo lilipita kwenye mikono michafu.

Hermoso ni zito, la mandhari na la barua za mapenzi, ila vijijini Uhispania mtoto mchanga anayeambiwa está hermoso kwa kawaida amenenepa. Sisi tunasema ana afya. Bibi zetu wangeelewana.

Sehemu ya mitaani ndiyo yenye mabomu. Cuero, ngozi ya mnyama, Mexico ni mtu mwenye mvuto hasa. Jamhuri ya Dominika ni kahaba. Churro, lile andazi refu la kukaanga, Colombia ni kijana mtanashati. Mono ni nyani, lakini Uhispania kitu mono ni cha kupendeza, na Colombia mtu mono ana nywele za dhahabu. Na cachondo, ambalo lilianzia kwa jike la mbwa anayetaka dume, Uhispania lina sura mbili: es cachondo ni mtu wa vichekesho, está cachondo ni kile ambacho kijana wangu alikitangaza Forodhani. Kitenzi tena.

Haya yote yangekuwa mambo ya darasani kama tamthilia za Mexico na Colombia zisingeingia sebuleni kwetu. Nyingi zimetufikia kwa sauti za Kiingereza, na anayeziwekea Kiswahili hutafsiri tafsiri. Está buenísima imekuwa hot, na hot nimewahi kuiona chini ya skrini ikiwa "ana joto sana", wakati dada wa watu anatembea zake bila homa yoyote. Neno lilikuwepo. Vijana wangesema mtoto mkali. Kali yetu ni ya kisu, ya jua, ya pilipili, ya mbwa, ya baba aliyekasirika, na sasa ya mrembo. Sisi tunawaunganisha hawa wote kwa makali, Kiingereza kinawaunganisha kwa moto, na Kihispania hakitaki kuwaunganisha kabisa. Mfasiri aliyeanza na Kihispania chenyewe asingefika kwenye joto.

Na bado moto haujatoweka kwenye sifa za Kihispania, umejificha tu. Neno lenyewe la sifa ambayo mwanamume humtupia mwanamke apitaye njiani, piropo, kabla ya kuwa sifa lilikuwa jina la kito chekundu, na kabla ya hapo la madini mekundu yanayong'aa, kutoka Kigiriki cha "chenye sura ya moto". Kwa miaka mingi piropo ilihesabiwa sanaa, na wapo wazee wanaoililia. Siwalilii pamoja nao. Mwanamke hakuomba kito barabarani, na nyingi nilizozisikia mimi zilikuwa está buena tupu, bila sanaa yoyote. Peru ilitunga sheria dhidi ya unyanyasaji wa kingono katika maeneo ya umma mwaka 2015, Chile mwaka 2019, na Uhispania mwaka 2022 ikaingiza kwenye kanuni ya adhabu maneno ya kingono yanayomdhalilisha mtu. Hakimu sasa naye ana kazi ya kutofautisha guapa na buena, kazi niliyoifanya miaka yote kwa chaki.

Kijana wangu amerudi msimu huu. Sentensi yake imenyooka: hace calor, tengo calor, na caliente ameiachia kahawa. Juzi mgeni wake, mama wa makamo, alisema ¡qué bochorno!, naye akaja kuniuliza maana. Nikamwambia bochorno ni fukuto, lile joto zito lisilo na upepo, ingawa neno lenyewe, ajabu, lilianza kama jina la upepo wa Kirumi, Vulturnus. Ni pia aibu, ile inayopandisha damu usoni. Sasa nikamuuliza, yule mama alikuwa anajipepea au amejiziba uso?

Akafikiri kidogo. "Vyote viwili, mwalimu."